Comrades: Mbio zilizozaliwa katika vumbi la Tanganyika

Jioni, mtu mmoja husimama kwenye mstari wa kumalizia mbio akiwa na bastola mkononi. Amewapa mgongo wakimbiaji. Nyuma yake, mita chache tu, wanakuja watu walioondoka alfajiri kukiwa bado giza, wamekata kilomita karibu 90 kwa miguu. Wengine wameshikwa makwapani na wenzao. Mwingine anatambaa. Mwenye bastola hatakiwi kuwaona, maana akiwaona kidole kinaweza kuingiwa na huruma. Saa ikitimia, anafyatua. Aliyevuka mstari sekunde moja kabla ya mlio huo anapewa nishani, na jina lake linaingia katika orodha ya waliomaliza. Aliyebakiza hatua mbili anazuiwa na maofisa waliopanga safu, na kwa hesabu za mbio hizo ni sawa na mtu ambaye hakufika.

Hizo ndizo mbio za Comrades, kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini. Zina zaidi ya miaka 100, na hakuna mbio kongwe kuliko hizo miongoni mwa zile zinazovuka umbali wa marathoni. Urefu wake ni marathoni mbili na zaidi kidogo, juu ya vilima. Mwaka huu wakimbiaji wakipanda kutoka pwani kwenda bara, mwaka unaofuata kwa kawaida hushuka kutoka bara kwenda pwani. Kila mwaka watu kwa maelfu hulipa ada, hufanya mazoezi miezi mingi, kisha huenda kuumia kwa hiari yao.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kudhani habari hii ni ya mbali. Lakini wazo la mbio hizo lilitokana na vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu, kati ya Kilimanjaro na Rufiji.

Dereva wa treni aliyetembea kilomita 2,700

Vic Clapham alizaliwa London mwaka 1886, akakulia Afrika Kusini na kuajiriwa huko kama dereva wa treni. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na kikosi cha 8 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini, akaletwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika.

Mapema mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alikabidhiwa jeshi la upande wa Waingereza ili amkamate Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Lettow-Vorbeck alikuwa na askari wachache, wengi wao Waafrika, na alijua hawezi kushinda kwa wingi wa watu. Akawa anapigana kidogo, anarudi nyuma, anapigana tena, akiiacha nchi yenyewe imfanyie kazi. Jeshi la Smuts liliiteka Moshi mwezi Machi, likashuka likifuata mto Pangani, likapita Handeni, na mwezi Agosti likaingia Morogoro. Adui alikuwa ameshaondoka, ameizunguka milima ya Uluguru akielekea kusini.

Wengi wa wanajeshi waliotoka Afrika Kusini walikuwa makarani, wauza duka na mafundi. Kabla ya hapo, safari yao ndefu kwa miguu pengine ilikuwa ya kutoka nyumbani hadi kazini. Sasa walitembea siku baada ya siku kwa posho iliyopunguzwa nusu, jua likiwachoma, kisha mvua ikaifanya njia kuwa tope la magotini. Mbung'o waliua farasi na nyumbu. Malaria na kuhara damu viliwaangusha watu wengi kuliko risasi. Ilipofika mwanzoni mwa 1917, sehemu kubwa ya Wazungu hao walikuwa wamerudishwa kwao wakiwa wagonjwa, na uzito wa vita ukahamia kwa askari wa King's African Rifles na vikosi vingine kutoka Afrika Magharibi na India. Clapham alipopiga hesabu ya mwendo wake, alipata kilomita zipatazo 2,700.

Aliporudi nyumbani alikuta tatizo walilolijua wapiganaji wengi. Wenzake walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakuwa na namna ya kuwaeleza wengine yaliyowapata. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Clapham akafikiri kwamba ukumbusho unaofaa ni ule utakaomfanya mtu aonje kidogo. Kama karani asiye na mazoezi aliweza kuivuka Tanganyika na bunduki begani, basi mwanariadha aliyejiandaa anaweza kukimbia kutoka Pietermaritzburg hadi Durban kwa siku moja.

Mwaka 1918 aliliomba ruhusa shirikisho la wapiganaji wa zamani, ambalo jina lake ndilo lililozaa neno Comrades. Wakakataa. Akarudi mwaka uliofuata, wakakataa. Mwaka 1920 vilevile. Wakuu wale waliona ni wazimu kumtaka mtu akimbie umbali huo. Mwaka 1921 walikubali, wakampa pauni moja ya gharama, na pauni yenyewe ilikuwa ya kurudishwa.

Tarehe 24 Mei 1921, wanaume 34 walijipanga mbele ya ukumbi wa jiji la Pietermaritzburg. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa vumbi. Lami ilianza karibu na Durban. Waliofika walikuwa 16. Wa kwanza, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59. Leo mkimbiaji wa kawaida akimaliza chini ya saa 9 anapewa nishani yenye jina la Rowan, yaani anatuzwa kwa mwendo uliotosha ushindi siku ile.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1922 mcheza raga Bill Payn alikimbia akiwa amevaa viatu vya raga. Masimulizi ya mbio hizo yanasema alisimama njiani akala mayai na nyama, mbele kidogo akala mchuzi wa kuku, na bado akamaliza wa nane. Mshindi mwaka huo alikuwa Arthur Newton, mkulima wa karibu miaka 40 aliyekuwa na mgogoro na serikali kuhusu ardhi. Alianza kukimbia ili apate jina, akiamini kuwa mwenye jina husikilizwa. Kuhusu ardhi hakupata alichotaka, lakini Comrades alishinda mara tano. Karibu na katikati ya njia kuna tundu katika ukingo wa barabara linaloitwa kiti cha Arthur, na hadi leo wakimbiaji humwachia ua na kumwamkia wakipita, ili nusu iliyobaki iwe nyepesi.

Waliofika lakini hawakuandikwa

Ukumbusho wa Clapham ulikuwa na mlango mwembamba. Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Frances Hayward, aliomba kushiriki akakataliwa. Alikimbia hivyo hivyo, akafika kwa saa 11 na dakika 35. Watazamaji walimchangia zawadi ya vyombo vya fedha vya chai, kwa kuwa nishani hakuruhusiwa kupata. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika, alimaliza kwa saa 9 na dakika 30. Muda huo ni mzuri hata kwa mkimbiaji wa leo mwenye viatu vya kisasa, lakini jina lake halikuingia katika matokeo. Waafrika wengine na wanawake walifuata njia hiyo hiyo kwa miongo kadhaa. Walikimbia pamoja na wenye namba, barabara moja, jua moja, wakafika mwisho na kurudi makwao bila kuandikwa popote.

Mlango ulifunguliwa rasmi mwaka 1975. Vincent Rakabaele wa Lesotho alimaliza wa 20 na kuwa Mwafrika wa kwanza kupata nishani ya Comrades kihalali. Mtshali alisubiri zaidi. Mwaka 2019, miaka 84 baada ya mbio zake, ilianzishwa nishani yenye jina lake kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na saa 10.

Siasa haikukaa mbali na barabara hiyo. Mwaka 1981 waandalizi walizihusisha mbio na sherehe za miaka 20 ya jamhuri ya makaburu. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Bruce Fordyce, alijitokeza na kitambaa cheusi mkononi kupinga. Baadhi ya watu walimzomea na kumrushia nyanya. Akashinda, kisha akaendelea kushinda hadi kufikisha mara tisa, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia.

Mwaka 1989

Ukitaka mwaka mmoja wa kuzieleza mbio hizi, chukua 1989. Nelson Mandela alikuwa bado gerezani. Mshindi alikuwa Sam Tshabalala, Mwafrika wa kwanza kushinda Comrades, miaka 68 tangu zianze. Televisheni ilipeleka picha yake nchi nzima, katika nchi ambayo sheria bado zilimpangia mtu mahali pa kuishi kwa rangi yake.

Nyuma yake, katika nafasi ya 15 kwa wote, wanaume na wanawake, alifika Frith van der Merwe. Alitumia saa 5, dakika 54 na sekunde 43. Rekodi hiyo ya wanawake ya mwendo wa kushuka ilidumu miaka 34, hadi Gerda Steyn alipoivunja mwaka 2023.

Jioni, washindi wakiwa wamekwisha kuoga na kula, watu walikuwa bado wamejaa Durban wakimsubiri mzee wa miaka 80. Wally Hayward alikuwa ameshinda mbio hizi mara tano, mara ya kwanza mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka mmoja kabla, akiwa na 79, alirudi akamaliza kwa saa 9 na dakika 44, akiwaacha nyuma vijana wengi ambao angeweza kuwa babu yao. Mara hii mwili ulikataa. Kikomo wakati huo kilikuwa saa 11 za mwendo. Aliingia akiyumba, kila hatua ikionekana kama ya mwisho, watu wakipiga kelele na kutazama saa kwa zamu. Alivuka kwa saa 10, dakika 58 na sekunde 3. Zilibaki chini ya dakika mbili.

Waswahili husema kutangulia si kufika. Kwa Comrades msemo huo una saa na dakika zake.

Basi la saa 12

Kinachowavuta watu kinaonekana vizuri nyuma kabisa ya msafara kuliko mbele. Mbele kuna wanaolipwa, wanaokimbia kila kilomita kwa chini ya dakika nne. Huko nyuma kuna kitu ambacho wakimbiaji wenyewe hukiita basi.

Basi ni kundi la watu, pengine mamia, wanaomfuata mkimbiaji mzoefu aliyebeba kibendera chenye muda anaolenga. Yeye ndiye dereva. Anajua kila kilima: Cowies Hill, Fields Hill, Botha's Hill, Inchanga, na Polly Shortts ambacho katika mwendo wa kupanda kinakutana nawe ukiwa umebakiza kilomita chache na miguu haina kitu. Dereva anapaza sauti: tembeeni hadi nguzo ile, kimbieni hadi mti ule. Abiria wanatii. Wanaimba. Anayeanza kubaki nyuma anavutwa na jirani asiyemjua jina. Kwenye meza za huduma wanapewa viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na maji ya pakiti, wanazirarua kwa meno na kumimina nusu mdomoni, nusu kichwani. Basi la saa 12 za mwendo, ambazo ndizo kikomo cha sasa, ndilo la mwisho. Likikupita, huna usafiri mwingine.

Mwili una sababu zake za kulalamika. Akiba ya sukari iliyo katika misuli na ini humtosha mkimbiaji kwa kilomita kama 30 hivi; baada ya hapo lazima ale njiani na achome mafuta, na mwendo unakuwa mzito. Anayesikia kuwa mwaka huu ni mwendo wa kushuka asifurahi haraka. Katika mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na nyuzi zake hupasuka kidogo kidogo. Kesho yake utawaona mashujaa wa jana wakishuka ngazi kinyumenyume, wameshikilia ukuta.

Na zawadi ya yote hayo ni nishani ndogo, yenye ukubwa usiozidi sana sarafu. Anayemaliza katika saa ya mwisho, kati ya 11 na 12, hupata ile yenye jina la Clapham mwenyewe. Ilianzishwa mwaka 2003, kikomo kiliporefushwa hadi saa 12 kama ilivyokuwa mwaka 1921. Kuna zawadi nyingine ambayo wengi huiona bora kuliko nishani. Anayemaliza mara kumi hupewa namba ya kijani. Namba hiyo inakuwa yake maisha yote.

Mvuto wa namna hiyo haupo Afrika Kusini peke yake. Mwaka 1978 kisiwani Oahu, Hawaii, ofisa wa jeshi la majini la Marekani John Collins na mkewe Judy waliamua kumaliza ubishi wa nani mwenye pumzi zaidi kati ya mwogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji. Wakaunganisha kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na marathoni nzima, vyote kwa siku moja. Tarehe 18 Februari walianza watu 15, wakamaliza 12. Hiyo ndiyo Ironman. Ilijulikana duniani miaka minne baadaye, Julie Moss alipoishiwa nguvu akiwa anaongoza, miguu ikakataa karibu kabisa na mwisho, Kathleen McCartney akampita, naye akatambaa hadi mstarini akachelewa kwa sekunde 29. Kamera zilikuwa zimemwelekea. Anayekumbukwa zaidi na watu wengi ni yule aliyetambaa. Huko pia kuna kikomo, saa 17, na usiku wa manane mashabiki hurudi mstarini kuwangoja wa mwisho.

Sisi tuna wa kwetu wa kumweka katika safu hiyo. John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likateguka. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaingia, mguu umefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko aanze mbio, ilimtuma azimalize. Walioanza walikuwa 75. Katika matokeo rasmi ameandikwa wa 57, na ndiye wa mwisho katika orodha.

Nadhani hapo ndipo siri ilipo. Maisha yana maumivu mengi ambayo hayana mstari wa kumalizia wala mtu wa kuyashuhudia. Mbio hizi zinamuuzia mtu maumivu yenye mwanzo, mwisho, saa inayohesabu, na umati unaoona. Ukifika ndani ya muda, umeandikwa.

Wapagazi

Sasa turudi kwenye vumbi alilolitembea Clapham. Jeshi lile halikutembea peke yake. Farasi walipokufa na malori yalipozama kwenye tope, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu. Wapagazi walikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Kongo na kwingineko, wengi kwa nguvu. Walibeba mizigo ya kilo 25 hivi, peku, kwa chakula ambacho mara nyingi hata tumbo halikukizoea. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa upande wa Waingereza pekee walikaribia 100,000. Hayo ni makadirio, kwa sababu wengi hawakuandikwa wakiajiriwa wala wakifa.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zikalitengeneza jina hilo, na mahali walipokuwa na kambi Dar es Salaam pakawa Kariakoo, kama ilivyo na Kariokor ya Nairobi. Nairobi wana sanamu ya watu watatu yenye mpagazi ndani yake. Dar es Salaam, sanamu iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji ni ya askari mmoja mwenye singe. Mpagazi anatajwa katika maandishi yaliyo chini yake.

Kila mwaka maelfu ya watu hukimbia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi, mji ule ule ambao jeshi la Smuts liliuteka mwaka 1916. Baadhi yao wanaitumia kujipima kabla ya mbio ndefu zaidi, maana Comrades haimpokei mtu asiyekuwa na marathoni aliyoimaliza ndani ya muda uliowekwa. Wanapewa namba ya kifuani, maji kila baada ya kilomita chache, na muda wao unatoka kwa sekunde. Clapham alizijua kilomita zake: 2,700. Kilomita za mtu aliyembebea unga hakuna aliyezihesabu.